Dawa Isiyo na Isnadi: Majibu kwa Wauzao Vidonge vya Kupunguza Mwili

 

Ndugu msomaji, mwaka jana, baada ya darasa la jioni, alinijia mama wa mmoja wa wanafunzi wangu akiwa na kichupa cha plastiki mkononi. Baada ya salamu akasema: "Ustadh, nina suala dogo tu. Hivi ni vidonge vya kupunguza mwili. Nimeambiwa maganda yake ni ya gelatini. Je, si ya nguruwe?" Nilikichukua kile kichupa nikakigeuzageuza. Kilikuwa na picha ya majani mabichi, maandishi ya Kiarabu yenye rangi ya dhahabu, na tamko kwamba kilichomo ni asilia kwa asilimia mia moja. Upande wa nyuma paliandikwa kuwa maganda yametokana na mimea. Nikamjibu: "Ikiwa ni kweli kama ilivyoandikwa, ganda hili halina tatizo." Akashukuru, akaenda zake.

Wiki ya sita baada ya siku ile alilazwa hospitali. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, shinikizo la damu limepanda kupita kiasi, na mkono wa kushoto umepoteza nguvu. Nilipokwenda kumzuru pamoja na wazee wa mtaa, mumewe alinivuta kando, akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko ukali: "Ustadh, yeye alikuwa akituambia nyumbani kwamba wewe umeviona vidonge vile, ukasema ni halali."

Daktari hakusema kuwa vidonge ndivyo vilivyomdhuru. Alisema neno zito zaidi ya hilo: kwamba hawezi kuthibitisha wala kukanusha, kwa sababu hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Kichupa hakikuwa na anuani ya kiwanda, wala namba ya toleo, wala namba ya usajili. Aliyemuuzia alikipata kwa mtu, na mtu yule alikipata kwa mwengine asiyejulikana.

Tangu siku ile nimekuwa nikiihesabu nafsi yangu. Mama yule aliniuliza juu ya ganda, nami nikamjibu juu ya ganda, wala sikumuuliza neno moja juu ya kilichomo ndani ya ganda. Makala haya ni sehemu ya deni langu kwake.

ASILI YA HOJA

Sisi tuliopita katika madarasa ya elimu ya hadithi tumefunzwa kwamba habari haipokewi kwa uzuri wa maneno yake. Huulizwa kwanza: umeipokea kwa nani? Na huyo aliipokea kwa nani? Je, alikuwa mkweli? Je, hifadhi yake ilikuwa madhubuti? Akitokea katika silsila mtu mmoja tu asiyejulikana, wanachuoni humwita majhuli, na riwaya yake hubaki dhaifu hata kama inapendeza masikioni. Basi vipi sisi tunaokataa kukiingiza masikioni kisicho na isnadi, tunakubali kukiingiza tumboni?

Hoja yangu ni hiyo moja tu. Dawa nayo ina isnadi yake: nani ameitengeneza, ametia nini na kwa kiasi gani, nani ameijaribu na kwa watu wangapi, nani ameikagua, na ikidhuru, nani atawajibika. Dawa iliyokosa isnadi hii haifai kumezwa, hata ikipambwa kwa majani mabichi na maandishi ya dhahabu.

Wala asinidhanie mtu kuwa nawakebehi wenye kutaka kupunguza miili yao. Unene uliokithiri ni mtihani wa kweli. Unaambatana na kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 ulimwenguni walikuwa nao. Mwenye kutafuta tiba ya mtihani huo halaumiwi. Lawama zangu ni kwa mwenye kuigeuza haja ya mgonjwa kuwa mtaji, kisha akatoa shubuha ili asiulizwe. Nami nitazijibu shubuha zao moja baada ya moja, kama zinavyosikika madukani, redioni na milangoni mwa misikiti baada ya swala ya Ijumaa.

SHUBUHA YA KWANZA: "HII NI MITISHAMBA, NA MITISHAMBA HAINA MADHARA"

Hii ndiyo ngome yao kubwa, nayo imejengwa juu ya mchanga. Mbarika ni mmea, na mbegu zake zina sumu iuayo. Tumbaku ni mmea. Kasumba hutoka katika ua. Kuwa kitu kimeota ardhini hakukifanyi kuwa salama, kama vile kuwa mtu amezaliwa mjini kwetu hakumfanyi kuwa mwaminifu.

Nawapa mfano mmoja uliothibiti, nao watosha kwa mwenye kuzingatia. Mjini Brussels, Ubelgiji, kulikuwa na kliniki ya kupunguza uzito iliyohudumia wanawake kwa miaka mingi. Mwaka 1990 kliniki ile iliongeza katika mchanganyiko wake unga wa mitishamba ya Kichina. Haikupita miaka mingi, madaktari wa figo wakaanza kupokea wanawake ambao hawajafika hata uzeeni, figo zao zimekauka na kukakamaa pasi na sababu inayojulikana. Walipowahoji wakakuta wote wamepita mlango mmoja: kliniki ile. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1993, na waliopatikana na madhara yale wakafikia zaidi ya 100. Wengi wao waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo ya mtu mwengine.

Nini kilichotokea? Mtishamba uliokusudiwa huitwa kwa Kichina han fang ji. Uliotiwa badala yake huitwa guang fang ji, nao ni katika jamii ya Aristolochia, mimea yenye sumu inayoharibu figo. Majina yamefanana, mimea imehitilafiana. Wanafunzi wa hadithi wataitambua haraka balaa hii, kwani wanachuoni wetu walianzisha fani nzima ya kupambanua wapokezi wenye majina yanayofanana, ili mwaminifu asichanganywe na mwongo. Katika biashara ya mitishamba ile hakuna aliyepambanua, na wanawake wakailipa gharama kwa figo zao.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2000 madaktari wa Ubelgiji walitoa taarifa ya wagonjwa 39 katika hao, waliokubali kuondolewa figo zao zilizokufa pamoja na mirija yake ya mkojo. Katika hao 39, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Mtu aliacha kumeza unga ule miaka kadhaa nyuma, na sumu bado inaendelea na kazi yake. Mwaka 2002 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliziingiza dawa za mitishamba zenye mimea hiyo katika daraja la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mfano wa pili ni efedra, kichaka ambacho Wachina hukiita ma huang. Huko Marekani kiliuzwa kwa wingi ndani ya vidonge vya kupunguza mwili kwa hoja hiihii ya uasilia. Mwezi Februari 2003 mchezaji wa besiboli, Steve Bechler, kijana wa miaka 23, alianguka mazoezini kwa joto la mwili lililopanda kupita kiasi, akafa kesho yake. Mchunguzi wa maiti alisema efedra ilichangia kifo chake. Mwaka uliofuata, 2004, serikali ya Marekani ikapiga marufuku virutubisho vyenye efedra.

Na hapa kwetu kuna sanamaki. Bibi zetu waliijua na kuiheshimu. Waliitumia siku moja au mbili kwa aliyefunga choo, kisha wakaiacha. Leo imefungwa katika vipakiti vizuri na kuitwa chai ya kuyeyusha mafuta, na dada zetu wanainywa kila usiku kwa miezi. Enyi dada zetu, sanamaki haiyeyushi mafuta. Kazi yake iko katika utumbo mpana, ilhali chakula chenyewe kimekwisha nyonywa katika utumbo mwembamba kabla ya kufika huko. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, yakiwemo madini ya potasiamu, ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila ya hayo. Mizani inashuka kwa kuwa umekauka maji, na ukinywa maji, mizani inarudi pale pale.

SHUBUHA YA PILI: "IMEANDIKWA KUWA HAINA KEMIKALI"

Nani ameandika? Muuzaji mwenyewe. Tangu lini mdai akawa ndiye shahidi wa dai lake?

Twajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaliona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji chini, na juu pakavu. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Mtume (S.A.W.) hakuukubali. Alimtaka aliyerowana akiweke juu watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tazama, ndugu yangu: aliyeghushi yule hakutia sumu, alificha maji ya mvua tu. Vipi basi mwenye kuficha dawa kali ya moyo na ubongo ndani ya ganda lililochorwa majani?

Na hili si dhana. Mwaka 2018 ilichapishwa tathmini ya orodha ya onyo ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani kwa miaka 2007 hadi 2016. Virutubisho 776 vilikutwa vimetiwa dawa za kiwandani kwa siri, na zaidi ya 300 katika hivyo vilikuwa vya kupunguza uzito. Katika hivyo vya kupunguza uzito, zaidi ya vinane kati ya kila kumi vilikuwa na dawa iitwayo sibutramini. Takriban vyote havikuitaja dawa iliyofichwa kwenye lebo.

Sibutramini ni nini? Ni dawa ya kuzuia hamu ya kula, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 na kuuzwa kihalali kwa miaka 13. Hufanya kazi katika ubongo, lakini huupandisha moyo mapigo na damu shinikizo. Ilifanyiwa utafiti mkubwa wa watu takriban 10,000 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, ambao wengi wao walikuwa na maradhi ya moyo au kisukari. Ikadhihirika kwamba waliomeza sibutramini walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2010 ikaondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani. Baada ya kufukuzwa kwa mlango wa mbele imerudi kwa dirisha la nyuma, ikiwa imevaa kanzu ya mitishamba.

Zingatia tofauti hii. Daktari alipokuwa akiiandika sibutramini, aliujua uzito wake, akampima mgonjwa shinikizo, na mwenye maradhi ya moyo alikatazwa. Lakini mama aliyenunua "majani" hajui kuwa amemeza sibutramini, na kiasi chake hakijui hata aliyemuuzia. Akienda hospitali, ataulizwa anatumia dawa gani, naye atajibu kwa ukweli wa moyo wake: "Situmii dawa yoyote, ila mitishamba." Daktari atamtibu kwa kupapasa gizani.

Dawa nyengine iliyokutwa humo ni fenolfthalini, dawa ya kuharisha ambayo Marekani iliiondoa madukani mwaka 1999 kwa kuchelea saratani. Kwa hiyo yule anayesema "imetoka nje, imetoka Marekani" hajaleta dalili yoyote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi muuza virutubisho kuithibitishia serikali usalama wala manufaa ya bidhaa yake kabla ya kuiweka rafuni. Mara nyingi serikali huingia baada ya watu kudhurika. Na wanadhurika: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa kila mwaka watu takriban 23,000 hukimbizwa vitengo vya dharura vya hospitali za nchi hiyo kwa sababu ya virutubisho, na robo yao ni kwa virutubisho vya kupunguza uzito. Iwapo hayo ni ya nchi yenye maabara tele, hali yetu sisi wenye kununua kwenye mkoba wa mpita njia ni ipi?

SHUBUHA YA TATU: "WATU WAMETUMIA, NA WAMEPUNGUA KWELI"

Kwanza, tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza. Matangazo yanasema: kilo 10 kwa wiki moja. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nguvu ya takriban kalori 7,700. Kilo 10 ni kalori 77,000. Mtu mzima wa kawaida hutumia takriban kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Lau angekaa siku zote saba asitie chochote kinywani, asingetumia zaidi ya kalori 17,500, nazo hazifiki hata kilo mbili na nusu za mafuta. Basi hizo kilo nyengine saba na ushei zimekwenda wapi? Ama zimetoka kwa maji, ama zimetoka kwa nyama ya mwili, ama zimetoka kwa ulimi wa muuzaji.

Pili, tuseme amepungua kweli. Je, kila kinachopunguza mwili ni dawa? Kipindupindu kinapunguza mwili. Kifua kikuu kinapunguza mwili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Ufaransa waliokuwa wakishika kemikali ya baruti iitwayo dinitrofenoli walikonda, wakashikwa na homa kali, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakatangaza kuwa kemikali hiyohiyo inapunguza uzito, na watu wakaikimbilia. Ilipunguza kweli, kwa sababu huufanya mwili kuunguza nguvu zake bure na kuzigeuza joto. Wengine wakapofuka kwa mtoto wa jicho, wengine wakaungua kutoka ndani, na hakuna dawa ya kuyarudisha madhara yake. Mwaka 1938 ikapigwa vita na sheria mpya ya Marekani. Hata hivyo imeendelea kuuzwa kwa siri, ikaendelea kuua vijana, hadi Uingereza mwaka 2023 ikaiingiza katika sheria ya sumu.

Tatu, wingi wa watumiaji si hoja. Mwaka 1996, Marekani peke yake, madaktari waliandika vyeti zaidi ya milioni 18 vya fenfluramini na fentermini, dawa mbili za kupunguza mwili zilizokuwa zikimezwa pamoja. Mwezi Julai 1997 madaktari wakatangaza habari ya wanawake 24 waliotumia mchanganyiko ule na kukutwa na ubovu katika vali za moyo, ile milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma. Ilipofika Septemba fenfluramini ikaondolewa sokoni. Mamilioni walikuwa mashahidi kuwa wamepungua, na hakuna mmoja kati yao aliyeweza kuuona moyo wake mwenyewe. Basi usiniletee jirani aliyepungua. Niletee aliyempima jirani huyo figo, ini na moyo.

SHUBUHA YA NNE: "HATA DAWA ZA HOSPITALI ZINA MADHARA"

Hili ni kweli, wala hatulifichi. Tena nitawaongezea hoja ambayo wao hawaitaji. Ufaransa iliruhusu dawa iitwayo Mediator kuanzia mwaka 1976 hadi 2009. Iliandikishwa kwa wagonjwa wa kisukari, lakini ikatumiwa sana kukata hamu ya kula. Takriban watu milioni 5 waliimeza, na wataalamu walikadiria waliokufa kwa ajili yake kuwa mamia, hata kufikia 2,000. Ndani ya mwili iligeuka kuwa kitu kilekile kitokanacho na fenfluramini, na ikaharibu vali zilezile za moyo. Mwaka 2021 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni iliyoitengeneza, Servier, kwa udanganyifu uliokithiri na kwa kusababisha vifo bila ya kukusudia, na mamlaka ya dawa ya serikali ikatozwa faini kwa uzembe wake. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaikaza hukumu ya kampuni.

Lakini muulize mwenye shubuha hii: hayo yalijulikanaje? Yalijulikana kwa sababu dawa ile ilikuwa na isnadi. Daktari mmoja wa mapafu wa mji wa Brest, Irène Frachon, alipoona wagonjwa wenye madhara yanayofanana, alifungua majalada ya hospitali, akahesabu nani alimeza na nani hakumeza. Jina la dawa lilijulikana, kiasi kilijulikana, kiwanda kilijulikana, na mwisho mwenye kiwanda akasimamishwa mbele ya kadhi. Je, mama yule wa mtaani kwetu angemsimamisha nani mbele ya kadhi? Mpokezi dhaifu anayejulikana udhaifu wake unaweza kujikinga naye, ama majhuli utajikinga naye vipi?

Na hukumu hiyohiyo inazihusu sindano mpya za semaglutidi zinazozungumzwa kila mahali siku hizi. Hizo zimefanyiwa majaribio makubwa, na Marekani iliziruhusu kwa tiba ya unene mwaka 2021. Zina faida iliyothibiti na madhara yanayojulikana: kichefuchefu, kutapika, mawe ya nyongo, na kwa wachache uvimbe wa kongosho. Tena wengi huurudia uzito wao wanapoziacha. Anayezitumia kwa cheti cha daktari na kwa uangalizi wake sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na anayeziuza kwa kificho. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya katika famasia na njia za ugavi za nchi hizo, zitashindwaje kupenya chini ya meza ya saluni?

SHUBUHA YA TANO: "HII NI TIBA YA SUNNA"

Hapa ndipo penye msiba hasa, kwa kuwa muuzaji huyu haiuzi dawa yake peke yake, anaiuza na heshima ya dini. Habasoda ni chakula na dawa inayojulikana, na asali vilevile. Lakini kutaja habasoda kwenye lebo hakukupi ruhusa ya kutia usichokijua ndani ya ganda. Mwenye kudai kuwa mchanganyiko wake wa vitu kumi na viwili ni tiba ya Mtume (S.A.W.), na alete riwaya yake na wapokezi wake. Asipoileta, basi amemzushia Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya faida ya shilingi, na uzito wa jambo hilo yeye mwenyewe anaujua.

Zaidi ya hayo, imepokewa katika Sunna, na mafakihi wakaijengea mlango katika vitabu vyao, kwamba mwenye kujifanya tabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa alichoharibu. Hiyo ndiyo Sunna inayowahusu hasa wauzaji hawa, na sijaiona hata siku moja ikiandikwa kwenye lebo zao.

NASAHA

Kwa muuzaji: funga duka lako siku moja, ukae na bidhaa zako, ujiulize ya kila moja: namjua aliyeitengeneza? Ameikagua nani? Ninampa mama yangu mzazi? Usiyoweza kuijibia, itoe rafuni. Hasara yake ni ndogo kuliko dhamana yake.

Kwa maimamu na walimu wenzangu: tuacheni kuazimisha mimbari na majarida yetu kwa matangazo ya dawa. Na mtu akitujia na suala la ganda, tumwulize juu ya kilichomo. Kusema "sijui, nenda kwa daktari" ni nusu ya elimu, na mimi siku ile niliikosa nusu hiyo.

Kwa waume: wako wanaomcheka mke baada ya uzazi wa nne, wakamlinganisha na msichana wa kwenye kalenda, kisha wanashangaa kumkuta na kichupa chini ya mto. Neno lako ndilo lililomtoa nyumbani kwenda kukinunua.

Kwa dada zetu: kabla ya kumeza, tazama mambo manne. Jina na anuani ya mtengenezaji. Orodha ya vilivyomo pamoja na vipimo vyake. Namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Na usajili katika mamlaka husika: kwa dawa, Tanzania Bara ni TMDA, Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Likikosekana moja, liache. Ukiahidiwa matokeo ya siku saba, ondoka. Na ikiwa umeshatumia, ukahisi moyo kwenda mbio, macho kuwa ya manjano, mkojo kupungua au kuwa mweusi, au kifua kubana, nenda hospitali upesi na uchukue kichupa mkononi, usione haya. Ama njia ya kupunguza mwili, ni ileile isiyotangazwa kwa kuwa haina muuzaji: kupunguza sukari, soda na vikaango, kutembea kila siku, kulala vya kutosha, na kusubiri miezi badala ya siku. Ikishindikana, kuna daktari.

Mama yule, alhamdulillahi, yuko hai. Bado mkono wake wa kushoto haushiki sawasawa, na mwanawe ndiye anayemfungia ushungi wake. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi, akanisamehe kabla sijamaliza maneno yangu. Kisha akaniuliza: "Ustadh, aliyeniuzia bado anauza?" Nikamwambia: ndiyo, bado anauza.

Nimeandika haya kwa ajili ya jibu lile. Wabillahi tawfiq.